Nani Alipie Dawa? Mageuzi ya Huduma za Afya na Funzo la Upare

Mtu akizidiwa usiku huko Mhezi, katika wilaya ya Same, watu wa nyumba yake hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni la usafiri: nani atampeleka mgonjwa, na kwa chombo gani. La pili ni la fedha: akishafika kwa mganga, atalipa nini? Swali la kwanza kila anayeijua milima ya Upare ya Kusini analielewa bila kuelezwa. Swali la pili ni la siasa, kwa sababu jibu lake hutegemea jinsi jamii nzima ilivyoamua kugawana mzigo wa maradhi. Mkulima hupata fedha baada ya mavuno. Maradhi hayangoji mavuno.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mageuzi yoyote ya huduma za afya, yawe ya Tanzania au ya Marekani, hupimwa kwa maswali matatu. Nani analipa? Analipa lini, akiwa mzima au akiwa tayari kitandani? Na nani ameamua iwe hivyo? Maswali mawili ya kwanza huulizwa sana na wataalamu wa fedha. La tatu husahauliwa, na historia ya Upare inatufundisha kwamba kulisahau ni hatari.

Mbiru: funzo la mwaka 1945

Kabla ya ukoloni Wapare walikuwa na utaratibu wa kazi za pamoja ulioitwa msaragambo. Kwa kazi za namna hiyo mifereji ilichimbwa, na ndiva zilijengwa na kusafishwa. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanya maji ya chemchemi usiku kucha, ili asubuhi yawe mengi ya kutosha kumwagilia shamba. Kijito chembamba kikiachwa kitiririke moja kwa moja hakifiki mbali. Kikikusanywa kwanza, kinalisha mashamba ya watu wengi. Hatusemi kwamba zamani hapakuwa na unyonyaji. Watawala wa jadi nao walidai nguvu kazi na ushuru, na jina la ushuru mmojawapo lilikuwa mbiru. Lakini wazo la kuchangia kabla ya shida, kwa ajili ya wote, halikuletwa Upare na mgeni yeyote.

Katika miaka ya vita kuu ya pili utawala wa Kiingereza, kwa kuwatumia watawala wa jadi, ulilifufua jina la mbiru na kulitumia kwa kodi mpya. Kodi hiyo ilipangwa kwa viwango kulingana na mali ya mtu, badala ya kila mwanamume kulipa sawa. Msomaji wa leo atashangaa: je, si haki mwenye nacho atoe zaidi? Kwa kanuni, ni haki. Lakini utekelezaji wake ulikuwa kinyume. Wananchi hawakushirikishwa katika kuamua. Mali ya kila mtu ilikadiriwa na wachache, kwa vipimo ambavyo mlipaji hakuvielewa wala hakuweza kuvipinga. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, kudai kodi hiyo iondolewe. Mapambano yakaendelea kwa muda mrefu, na wanawake nao wakaingia. Kabla ya mwaka 1947 kwisha mbiru ilikuwa imeondolewa.

Mwanahistoria Isaria Kimambo ameliandikia tukio hili kitabu kizima, na ni haki lihesabiwe miongoni mwa chimbuko la harakati za uhuru vijijini. Sisi tunalitaja hapa kwa sababu nyingine. Wapare hawakukataa kodi kwa jumla. Walikataa kukadiriwa gizani. Mchango ulio wa haki kwa kanuni ulishindwa kwa sababu haukuwa wa haki kwa njia. Yeyote anayepanga leo mchango wa afya kwa wakulima hana budi kukumbuka hilo.

Malaria ya tambarare na huduma iliyokatika

Dawa za kizungu ziliingia Upare pamoja na wamisionari. Walutheri wa Leipzig na Waadventista walifika mwanzoni mwa karne ya 20, wakajenga shule, makanisa na vituo vya kutibia. Huduma yao iliokoa maisha ya wengi, nasi hatuna sababu ya kuibeza. Serikali za kikoloni kwa upande wake ziliijenga huduma ya afya kwa ngazi: kwanza wazungu, kisha watumishi na vibarua ambao nguvu zao zilihitajika, na mwisho mkulima wa kijijini, aliyepata makombo.

Kuanzia mwaka 1954 tambarare za Upare ya Kusini, pamoja na eneo la Taveta upande wa Kenya, zikawa uwanja wa jaribio kubwa la kisayansi lililojulikana kama Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta. Wataalamu wa taasisi ya malaria iliyokuwa Amani walipuliza dawa ya dildrini katika nyumba za wananchi toka mwaka 1955 hadi 1959. Walitaka kujua afya ya watu inabadilikaje malaria inapozuiwa. Matokeo yalikuwa makubwa. Mbu walipungua, vijidudu vya malaria katika damu ya watu vikapungua, na vifo vya watoto wachanga vikashuka.

Kisha, mwaka 1959, upulizaji ukakoma, kwa kuwa ndivyo jaribio lilivyopangwa. Pole pole malaria ikarudi. Tuwe wakweli: waliofuatilia waliona kwamba vifo havikurudi vyote katika kiwango cha awali, na kupatikana kwa dawa za kutibu malaria kulitajwa kuwa sababu mojawapo. Lakini swali la maadili limebaki. Mwili uliozoea malaria hujenga kinga kidogo kidogo, na malaria ikiondolewa kwa miaka kadhaa kinga hiyo hupungua. Je, ni halali kuwaondolea watu ugonjwa kwa miaka michache, ukijua kwamba huna mpango wa kudumu, kisha ukaondoka na madaftari yako? Na wenyewe waliamua nini juu ya mwanzo wa mradi na mwisho wake?

Hapa ndipo tunapopata kanuni ya kwanza. Huduma ya afya inayotegemea hiari ya mtu mwingine inaweza kukatika siku ambayo mtu huyo amemaliza haja yake.

Azimio la Arusha na zahanati ya kijiji

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na vituo vya afya vya vijijini visivyozidi 22. Mwaka 1964 ilitolewa taarifa ya kamati iliyoongozwa na Profesa Richard Titmuss wa Uingereza, ikishauri nguvu zielekezwe zaidi kwenye vituo vya vijijini na kinga ya maradhi. Ushauri ulikuwa mzuri, lakini ushauri wa kitaalamu peke yake haubadili mgawanyo wa mali. Hilo lilihitaji uamuzi wa kisiasa.

Uamuzi huo ulitolewa katika Azimio la Arusha, Februari 1967. Azimio lilieleza jambo ambalo mpaka leo baadhi yetu hatupendi kulisikia: kwamba fedha za kigeni zinazolipa mikopo ya kujengea hospitali kubwa za mijini hutokana kwa sehemu kubwa na jasho la wakulima, na kwamba wakulima hao hufaidika kidogo sana na hospitali hizo. Kwa maneno mengine, mji unaweza kumnyonya mkulima hata kwa kitanda cha hospitali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 TANU iliamua kupeleka uzito vijijini. Mwaka 1973 ikaendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi vya kusoma, wakasikiliza redio, wakajadili malaria, kichocho na magonjwa ya tumbo, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku biashara ya hospitali za watu binafsi. Hospitali za mashirika ya dini ziliendelea. Kufikia mwaka 1980 vituo vya afya vya vijijini vilikuwa vimezidi 200. Mwaka 1978 mataifa yalipokutana Alma-Ata kutangaza afya ya msingi kwa wote, Tanzania ilikuwa na uzoefu wa kuwaeleza wenzake.

Tukiyarudia maswali yetu: nani alilipa? Taifa, kwa kodi na kwa nguvu za wananchi waliojenga. Analipa lini? Akiwa mzima. Nani aliamua? Chama, kwa niaba ya wakulima na wafanyakazi. Katika jibu hili la mwisho palikuwa pia na udhaifu, kwa kuwa "kwa niaba ya" si sawa na "wenyewe". Panapokuwa na pengo kati ya mambo hayo mawili, mwananchi hujifunza kungoja badala ya kudai.

Miaka ya ukata na dirisha la malipo

Hatukusudii kuandika historia ya sifa tupu. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Vita dhidi ya Idi Amin ya mwaka 1978 na 1979 ikala akiba yetu. Katikati ya miaka ya 1980 zahanati zilikuwapo lakini makabati mara nyingi yalikuwa matupu. Mgonjwa alitibiwa bure, kisha akaelekezwa akanunue dawa dukani. Bure ya namna hiyo ni nusu ya haki.

Mwaka 1986 Serikali ilifikia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ikatoa maandiko yake mashuhuri juu ya kugharimia huduma za afya katika nchi maskini, ikitaka mgonjwa alipe anapotibiwa. Mwaka 1991 hospitali za biashara ziliruhusiwa tena. Na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali kubwa za Serikali, ukashuka hatua kwa hatua kwenye hospitali za wilaya.

Watetezi wa utaratibu huo walikuwa na hoja, nasi ni lazima tuzipe haki yake. Walisema fedha zitabaki kituoni na kununua dawa. Kwamba mwenye uwezo asibebwe na asiye nao. Kwamba maskini, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wagonjwa wa maradhi ya kudumu watasamehewa. Mahali pengine fedha hizo kweli zilinunua dawa.

Lakini tazama mgongano uliojengwa ndani ya utaratibu wenyewe. Kituo kinategemea ada ili kiwe na dawa, na kituo hicho hicho ndicho kinachotakiwa kumsamehe asiye na ada. Kila msamaha ni kabati kupungua. Msamaha ukawa umeandikwa vizuri kwenye waraka na kuwa mgumu dirishani. Tena mgonjwa alitakiwa kuuthibitisha umaskini wake mbele ya watu, kwa barua ya ofisi ya kijiji au ya mtaa, akiwa na homa. Huku ni kukadiriwa kwa namna nyingine. Mbiru ilimpima mtu kwa mali yake. Dirisha lilimpima kwa ufukara wake.

Na yule aliyelipa alilipa vipi? Kwa kuuza mbuzi, kwa kuuza mahindi ya akiba kabla ya wakati, kwa kukopa kwa jirani, au kwa kuchelewa kwenda kutibiwa mpaka ugonjwa ukakomaa. Hii ndiyo kanuni ya pili: malipo ya wakati wa ugonjwa humtoza zaidi yule mwenye mwili dhaifu na mfuko mtupu. Sababu ni utaratibu wenyewe, hata pale watumishi wanapokuwa na moyo mwema.

Marekani: utajiri bila uhakika

Msomaji atauliza: je, tatizo ni umaskini wetu tu? Kama tungekuwa matajiri, si lingekwisha lenyewe? Hebu tuitazame nchi tajiri kuliko zote.

Novemba 1945, mwaka ule ule Wapare walipokusanyika Same, Rais Truman wa Marekani alilitaka Bunge la nchi yake lianzishe bima ya afya ya taifa. Chama cha madaktari na wenye kampuni walilipinga pendekezo hilo, wakaliita tiba ya kisoshalisti, nalo likafa. Kuanzia hapo mfanyakazi wa Marekani akategemea bima ya mwajiri wake. Akifukuzwa kazi, mara nyingi na bima huondoka. Mwaka 1965, chini ya Rais Johnson, zilipatikana bima mbili za Serikali: Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini. Mwaka 2010, chini ya Rais Obama, ilipitishwa sheria iliyozuia kampuni za bima kumkataa mtu kwa sababu tayari ni mgonjwa, na iliyopanua Medicaid. Mamilioni ya watu walipata bima kwa mara ya kwanza. Lakini mwaka 2012 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba jimbo lisilotaka kupanua Medicaid lisilazimishwe, na baadhi ya majimbo yakakataa. Kwa hiyo mtu maskini alipata au alikosa haki kutegemea upande wa mpaka wa jimbo alipolala.

Mwaka 2023 Marekani ilitumia kwa afya zaidi ya asilimia 17 ya pato lake lote la taifa, na bado watu wapatao milioni 26 hawakuwa na bima yoyote. Julai 2025 ikapitishwa sheria ya kupunguza fedha za Medicaid. Kumbe utajiri peke yake hautoi jibu. Pale matibabu yanapokuwa bidhaa, fedha nyingi huzaa bidhaa ghali, na haki iliyopatikana leo inaweza kupunguzwa kesho ikiwa wanaoihitaji hawana nguvu ya kuilinda.

Jambo hilo linatugusa na sisi moja kwa moja. Tangu mwaka 2003 Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa wa mapambano dhidi ya UKIMWI katika Afrika, na Watanzania wengi wako hai kwa sababu ya dawa hizo. Januari 2025 Serikali yake ilisimamisha misaada ya nje kwa ghafla, na miradi mingi ya afya ikatikisika. Mzee wa tambarare za Pare aliyeshuhudia mwaka 1959 asingehitaji kuelezwa kilichotokea.

Bima kama ndiva

Tanzania imekuwa ikiitafuta njia ya kurudi kwenye kanuni ya kuchangia mtu akiwa mzima. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, na mwaka 2001 ukawekewa sheria. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukiwahudumia kwanza watumishi wa Serikali, kwa mchango wa asilimia sita ya mshahara unaogawanywa nusu kwa nusu kati ya mtumishi na mwajiri. Kuanzia mwaka 2007 Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi uliweka shabaha ya zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Mwaka 2018 mfuko wa jamii uliboreshwa, kaya ya watu sita ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Hii ni hatua ya kimaendeleo, na inapaswa kuungwa mkono. Lakini kuunga mkono si kufumba macho. Kwa zaidi ya miaka 20 mtumishi mwenye mshahara alikuwa na mfuko wake wenye nguvu, na mkulima alikuwa na mfuko wake dhaifu. Mifuko miwili ya namna hiyo ni ndiva mbili: moja imejengwa penye chemchemi, nyingine penye mawe makavu. Ukiziacha hivyo, mwenye mshahara atatibiwa kwa bima na mkulima atatibiwa kwa bahati.

Tena ndiva haina maana kama mfereji umebomoka. Mwananchi aliyetoa mchango wake, akafika kituoni akaambiwa dawa hakuna, hatatoa mwaka unaofuata, na tukimwita mkaidi tutakuwa tunarudia lugha ya watawala wa mwaka 1945. Atakuwa amefanya hesabu sahihi. Bima huuza ahadi, na ahadi ya afya hutimizwa kwa dawa, mganga na barabara.

Na swali gumu kuliko yote liko mbele yetu: nani atatambuliwa kuwa hana uwezo, na nani atamtambua? Mshahara hukatwa mahali unapolipwa. Kipato cha mkulima hakina karatasi. Kikikadiriwa ofisini bila yeye kuwapo, tutakuwa tumeleta mbiru mpya kwa jina zuri. Njia tunayoiona sisi ni mkutano wa kijiji: orodha isomwe hadharani, vipimo vielezwe kwa lugha ya kila siku, anayeona ameonewa awe na mahali pa kukata rufaa. Lakini ufukara wa mtu usifanywe tamasha. Vipimo vijadiliwe na wote; cheti chenyewe kiwe sawa na cha mwingine yeyote, ili dirishani asijulikane nani kalipiwa na nani kalipa.

Kazi iliyo mbele yetu

Kwa makada na wanafunzi, historia hii ina madai matatu. Kwanza, tujue hesabu. Kada asiyejua dawa za zahanati ya kijiji chake zinatoka wapi, zinafika lini na zinakwisha lini, hana la kumweleza mwananchi juu ya bima. Pili, tuwe wa kwanza kukiri pale ambapo msamaha uko kwenye waraka tu. Kuficha kasoro si kukilinda Chama. Ni kumwachia adui aiseme kwanza. Tatu, tuilinde kanuni yenyewe: kwamba mzima amsaidie mgonjwa, kijana amsaidie mzee, na mwenye nacho atoe zaidi, kwa utaratibu ambao wote wameuelewa na kuukubali.

Tulianza na mgonjwa wa Mhezi anayechukuliwa usiku. Siku ambayo watu wa nyumba yake watabaki na swali moja tu, lile la usafiri, tutasema mageuzi yamefika. Na hata siku hiyo hatutakuwa tumemaliza, kwa sababu barabara nayo inatungoja.